Walokole: Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la kiroho lililoanza miaka ya 1930 katika kituo cha misheni cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Kutoka hapo lilienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, likagusa Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri, Wamethodisti na Wamenoni. Kiini chake kilikuwa fundisho la kuzaliwa mara ya pili, ambalo Yesu alimfundisha Nikodemo usiku ule unaosimuliwa katika sura ya 3 ya Injili ya Yohana: kwamba mtu haurithi ufalme wa Mungu kwa ukoo wake, wala kwa elimu yake, wala kwa jina la ubatizo, mpaka Roho Mtakatifu amgeuze moyo.

Fundisho hilo ni la kale kama Kanisa lenyewe. Uamsho huu uliupa uzito wa pekee upande wake wa matendo. Mtu aliyesema amezaliwa upya alitazamiwa kuitaja dhambi yake kwa jina, kurudisha alichoiba, na kupatana na aliyemkosea, awe mkewe, mkubwa wake wa kazi au mzungu wa misheni. Kwa kipimo hicho walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huu, waliwapima wenzao, na kwa kipimo hicho hicho historia imewapima wao.

Kanisa lililopoa

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Kabla ya miaka kumi kutimia, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walikuwa wakichomwa moto Namugongo kwa sababu ya imani yao. Mwaka 1893 mmisionari George Pilkington, akiwa amekata tamaa na kazi yake, alijitenga katika kisiwa cha Kome ndani ya Ziwa Victoria. Aliporudi Mengo alihubiri juu ya nguvu ya Roho Mtakatifu, na mwamko mkubwa ukafuata. Kanisa changa la Uganda lilikuwa, basi, limekwisha kuonja mateso na uamsho kabla ya karne ya 20 kuanza.

Karne hiyo ilikuja na mambo mengine. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900, kati ya Uingereza na Buganda, uliwagawia machifu ardhi na madaraka, na wengi wa machifu hao walikuwa Wakristo. Ukristo ukafungamana na heshima ya mjini. Aliyetaka shule, ukarani au cheo alihitaji jina la ubatizo. Kufikia miaka ya 1920 makanisa yalijaa, lakini ndani yake walikuwamo watu wengi walioijua katekisimu kwa moyo huku wakiendelea na ulevi, wake wa siri, rushwa na safari za usiku kwa waganga. Wachungaji waliyajua hayo na mara nyingi walinyamaza.

Rwanda ilikuwa na historia fupi zaidi. Madaktari wawili Waingereza, Algernon Stanley Smith na Leonard Sharp, walianza kazi Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 1921, wakiwa na nia ya kuvuka mpaka na kuingia Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kituo cha Gahini kilifunguliwa mwaka 1925. Daktari kijana, Joe Church, aliyesomea Cambridge, alifika hapo mwaka 1928 na kukuta nchi imeshikwa na njaa ambayo Wanyarwanda wanaikumbuka kwa jina la Rwakayihura. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula. Hospitali ilizidiwa, na daktari mwenyewe akachoka mwili na roho.

Nsibambi na Church

Septemba 1929 Church alikwenda Kampala kupumzika. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyezaliwa mwaka 1897, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Nsibambi alikuwa amehudumu katika kikosi cha utabibu wakati wa vita. Baadaye alitamani udhamini wa kwenda kusoma ng'ambo, akaukosa, na uchungu wa kukosa huko ukawa mlango wa badiliko lake. Mwaka 1922 alifikia imani kwamba uzima wa milele unashinda safari yoyote ya Ulaya. Tangu hapo alihubiri kila alipopata nafasi, lakini alihisi bado kuna kitu kinachopungua katika maisha yake na katika Kanisa zima.

Mganda na Mwingereza hao walikaa pamoja siku mbili na Biblia zao, wakifuatisha mstari kwa mstari mafundisho kuhusu Roho Mtakatifu, kisha wakaomba pamoja. Katika Afrika ya kikoloni ya wakati ule, mzungu kuketi na Mwafrika kama ndugu wawili wenye uhitaji ule ule, bila mmoja kuwa mwalimu na mwingine mwanafunzi, lilikuwa jambo la nadra. Uamsho wote uliofuata ulibeba alama ya kikao hicho. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akajitoa kuhubiri Kampala. Aliachana na mavazi ya fahari, akavaa kanzu ya kawaida na kutembea pekupeku, na nyumba yake ikawa mahali pa watu wenye njaa ya rohoni. Church alirudi Gahini akiwa mtu mpya, ingawa Gahini yenyewe ilikuwa bado ile ile.

Badiliko la Gahini

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, naye akaja kuongoza shule ya wainjilisti. Kati ya wahudumu wa hospitali na kundi la watu wenye bidii lililowazunguka Kigozi na Church kulizuka uhasama. Kiongozi wa wahudumu, Yosiya Kinuka, hakupendezwa na mahubiri yale, na kazi wodini ilizorota kwa manung'uniko.

Mwaka 1931 Kinuka alikwenda Kampala na kumtembelea Nsibambi. Nsibambi alimuuliza habari za hospitali, na Kinuka akaeleza matatizo yote, kila kosa akimtwika mtu mwingine. Mwenyeji wake akamwambia waziwazi kwamba hospitali imeharibika kwa sababu moyo wa kiongozi wake umeharibika. Kinuka alikasirika, lakini neno lile halikumwacha. Katika safari ndefu ya kurudi Rwanda alikubali kwamba ameambiwa kweli, akatubu. Aliporudi wodini alikiri makosa yake mbele ya wenzake. Wengine walimdhihaki, lakini wengine, mmoja baada ya mwingine, walianza kumfuata. Kwa miaka mingi baadaye Kinuka na Church walisafiri na kuhubiri bega kwa bega, na Kinuka alikuja kuwekwa wakfu kuwa kasisi.

Tukio lililoonekana na wengi kuwa mwanzo wa moto wenyewe lilitokea mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa Krismasi hapo Gahini. Siku kadhaa za mafundisho zilipita kwa utulivu. Ilipofika ibada ya maombi ya mwisho, Mkristo mmoja alisimama akaungama dhambi yake hadharani. Hakuwa amealikwa kufanya hivyo. Akafuata mwingine, kisha mwingine, na kwa muda mrefu mkutano haukuweza kufungwa, kwa kuwa kila aliyeketi alimpisha mwenzake aliyetaka kusimama. Kilichoungamwa hakikuwa cha ajabu: wizi, uongo, uzinzi, chuki kati ya watumishi. Jambo jipya lilikuwa kwamba mambo yaliyofichwa miaka mingi yalitajwa mbele ya wale wale walioumizwa nayo.

Siku zilizofuata, vitu vilianza kurudi. Watu waliokuwa wamechukua mali za hospitali na misheni walizileta wenyewe, na waliokuwa na madeni ya siri walikwenda kulipa. Majirani ambao hawakujali mahubiri walishangazwa na hayo kuliko wimbo au sala yoyote. Watu hao wakapachikwa majina: Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na katika Rwanda na Kigezi, eneo la Kabale, waliitwa Abaka, watu wanaowaka. Majina yalianza kama kejeli, nao wakayapokea.

Septemba 1935 kikosi cha wahubiri, wakiwamo Kigozi na Church kutoka Gahini na Nsibambi kutoka Kampala, kilihubiri katika mkutano mkubwa Kabale. Kigezi yote ilitikisika. Watu walilia, wengine walitetemeka, wengine waliota ndoto zilizowaogofya kuhusu hukumu. Viongozi hawakuyakataa mambo hayo, lakini walisisitiza kwamba machozi si ushahidi wa kutosha. Ushahidi ni mwenendo wa kesho yake nyumbani na kazini.

Blasio Kigozi na ujumbe wa Sinodi

Kigozi alipewa ushemasi mwaka 1934. Mwaka uliofuata alijifungia juma zima kuomba, akiwa na uchungu juu ya ubaridi wa wainjilisti na waumini. Januari 1936 alisafiri kwenda Kampala akiwa na hoja tatu za kuwasilisha mbele ya Sinodi ya Kanisa la Uganda. Ya kwanza ilihusu kupoa na kufa kwa maisha ya Kanisa. Ya pili ilihusu Wakristo waliojulikana kuishi katika dhambi na bado kukaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Ya tatu iliuliza ni nini kifanyike ili uamsho uje. Neno alilolirudia kila alipohubiri lilikuwa moja la Kiganda: Zukuka, yaani amka.

Hakupata kusimama mbele ya Sinodi. Alishikwa na homa ya papasi na kufariki tarehe 25 Januari 1936, akiwa bado kijana. Ujumbe wake ulifikishwa kwa Sinodi bila yeye, na kifo chake kikaupa uzito ambao huenda shemasi kijana asingeupata akiwa hai. Askofu Cyril Stuart alikubali kwamba dayosisi yake inahitaji kuamshwa. Mwaka 1937, Kanisa lilipoadhimisha miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza, badala ya sherehe peke yake iliandaliwa misheni ya kuhubiri toba katika dayosisi nzima.

Maisha ya ushirika

Walokole hawakuanzisha dhehebu jipya. Walijenga ushirika, yaani vikundi vidogo vilivyokutana mara moja au zaidi kwa juma katika nyumba, makanisa na chini ya miti. Walisoma Maandiko, wakaimba, wakaombeana, na kila mmoja alishuhudia jinsi alivyotembea na Mungu tangu walipoachana. Wimbo wao wa utambulisho ulikuwa Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu kwa damu yake. Uliimbwa mtu alipotubu, wageni walipopokewa na wafu walipozikwa, na hadi leo unaimbwa kuanzia Kigali hadi Nairobi na Dodoma.

Neno lao kuu lilikuwa kutembea nuruni, kutoka sura ya 1 ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Maana yake kwa vitendo ilikuwa kwamba dhambi ya jana isilale hadi kesho. Aliyemsengenya ndugu alimwendea akamwambia. Aliyekasirika na mke asubuhi alitakiwa kumwomba radhi kabla ya kupanda mimbarini. Walifundisha kwamba kuokoka kuna siku yake, na mtu aliweza kuitaja tarehe, lakini kuvunjika moyo mbele ya msalaba ni kazi ya kila siku. Hapa palikuwa na hekima kubwa ya vuguvugu hili: lilikataa kumwachia mtu aishi kwa ushuhuda wa zamani.

Nyumba zilibadilika. Mume na mke walianza kula pamoja mezani, jambo geni katika jamii nyingi ambamo mwanamume alikula peke yake na wanawake walikatazwa vyakula fulani. Wanawake walishuhudia hadharani mbele ya wanaume na wazee. Katika ushirika, ndugu wa kiroho alichukua nafasi ambayo zamani ilishikwa na ukoo: alikaribishwa usiku, aliuguzwa, alisaidiwa kulea yatima, na alishauriwa katika ndoa. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kumkemea mchungaji, na mchungaji akasikia.

Kipimo hicho kilivuka pia mpaka wa rangi. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa mnywaji aliyeichoka dini ya utotoni mwake. Mwaka 1941 rafiki yake, naye mlevi mwenzake, alimjia kwa baiskeli na uso uliobadilika, akamwambia kwamba Yesu amemkuta, kisha akamwomba msamaha kwa mambo waliyofanya pamoja. Kivengere alikwenda nyumbani, akapiga magoti na kutubu. Haikuishia chumbani. Alikuwa amemchukia mmisionari mmoja Mwingereza aliyeishi mbali, na dhamiri ilimwambia kwamba mzungu yule sasa ni ndugu yake. Akapanda baiskeli akaendesha kiasi cha maili 50 kumwomba radhi. Alisimama mlangoni mwa mzungu, akamweleza chuki yake na kilichomtokea. Mwenyeji alibubujikwa na machozi, wakakumbatiana. Kwa upande wao, wamisionari walioingia katika ushirika walilazimika kuungama kiburi cha rangi, dhambi ambayo Kanisa la wakati ule halikuwa na desturi ya kuiita dhambi.

Mgogoro wa Mukono

Si wote waliopendezwa. Katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, kundi la wanafunzi walokole likiongozwa na William Nagenda lilikuwa likikutana kuomba na kuhubiri kabla ya kucha. Walikemea wizi na uasherati chuoni, na waliwashutumu baadhi ya walimu kwa kufundisha theolojia iliyopunguza uzito wa msalaba. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, aliyaona mahubiri yale kuwa uasi na majivuno, akapiga marufuku mikutano ya alfajiri. Wanafunzi walikataa kutii. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa.

Hapo vuguvugu lingeweza kugeuka dhehebu. Waliofukuzwa walikuwa na uchungu, na watu wengi walikuwa tayari kuwafuata. Nsibambi, Kinuka na wenzao walishikilia kwamba walokole wabaki ndani ya Kanisa, wahudhurie ibada za wachungaji wasiowapenda, na wangojee. Askofu Stuart naye alijizuia kuwafungia mlango kabisa. Nagenda hakuwahi kupata daraja la ukasisi. Alibaki mwinjilisti wa kawaida hadi mwisho wa maisha yake, na bado alikuwa miongoni mwa wahubiri wa Kiafrika waliosikilizwa zaidi duniani katika kizazi chake. Mwaka 1947 alikwenda Uingereza pamoja na Kinuka, Church na mmisionari Lawrence Barham. Mahubiri ya kikosi hicho yalimgusa mhubiri Mwingereza Roy Hession, ambaye kitabu chake cha mwaka 1950, The Calvary Road, kilisambaza mafundisho ya walokole katika lugha nyingi. Ujumbe uliozaliwa Gahini ulikuwa umerudi kuwafundisha waliotuma wamisionari.

Kenya na Tanganyika

Kikosi cha kwanza kilifika Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1937, na mwaka uliofuata ujumbe ukafika Maseno, Nyanza. Miongoni mwa Wakikuyu, waliookoka waliitwa Ahonoki. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wao, alikuja kuwa askofu. Katika Kenya uamsho ulivuka kuta za madhehebu haraka: Mwanglikana wa Kabete, Mpresbiteri wa Thogoto na Mmethodisti wa Meru walikaa ushirika mmoja, wakaitana ndugu na dada, wakasalimiana kwa "Bwana asifiwe."

Tanganyika ilipokea moto huo kupitia Chuo cha Ualimu cha Katoke, magharibi mwa Ziwa Victoria, mwaka 1939. Kutoka huko uliingia kwa Walutheri wa Buhaya. Kijana mmoja wa huko, Josiah Kibira, aliokoka mwaka 1947 akiwa shuleni, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Tasnifu yake ya mwaka 1974 ilichunguza uhusiano wa Kanisa na ukoo katika Buhaya, swali ambalo walokole walikuwa wamelijibu kwa maisha kabla wasomi hawajaliandika. Kwa Wamenoni wa Mara, uamsho ulianza Shirati mwaka 1942, na Zedekia Kisare, aliyeguswa nao, akawa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Dodoma ilimpata Kivengere mwenyewe, aliyefundisha huko kwa miaka kadhaa baada ya 1945.

Mtihani wa damu

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 1952, walokole wa Kikuyu walijikuta kati ya mawe mawili ya kusagia. Wapiganaji wa Mau Mau walidai kiapo. Wengi wa Ahonoki walikataa wakisema wamekwisha kufunikwa na damu ya Yesu na hawawezi kuapa kwa damu nyingine. Baadhi waliuawa kwa jibu hilo. Hata hivyo wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali na kujiunga na walinzi wa vijiji, wakisema hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Pande zote mbili ziliwashuku. Wapo wanaowalaumu kwa kutosimama na waliopigania ardhi yao, na lawama hiyo inastahili kusikilizwa. Lakini haiwezekani kusema walijitafutia usalama.

Rwanda ilipoanza kumwaga damu kwa misingi ya kikabila kuanzia mwaka 1959, wapo ndugu waliowaficha waliokuwa wakiwindwa. Kasisi Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyehudumia wakimbizi wa ndani bila ubaguzi, aliuawa na askari Januari 1964.

Uganda ilijaribiwa chini ya Idi Amin. Askofu Mkuu Janani Luwum, mwana wa Acholi aliyeokoka Januari 1948, alipinga mauaji ya serikali kwa maneno na kwa barua. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977. Kivengere, wakati huo Askofu wa Kigezi, alionywa kwamba zamu yake imefika, akatoroka usiku na mkewe Mera wakivuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Mwaka huo huo alitoa kitabu kilichoeleza kwa nini alijilazimisha kumsamehe Amin. Wengi walishindwa kukielewa. Kwake hakikuwa na siri: mtu aliyesamehewa hana ruhusa ya kufunga mlango aliofunguliwa yeye mwenyewe.

Mipasuko na mapungufu

Uamsho ulikuwa na hatari zake za ndani. Kuungama hadharani kulisaidia wengi, lakini kuliwaaibisha wengine, hasa pale dhambi za ndoa zilipotajwa mbele ya watoto na majirani. Baadhi ya walokole waligeuza ushuhuda kuwa cheo na kuwadharau Wakristo wengine. Nyanza, Ishmael Noo alijitenga na kundi lake mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1957 mgogoro mwingine ulizaa Kanisa la Kristo katika Afrika chini ya Abednego Ajuoga. Buganda, katika miaka ya 1960, walizuka Bazukufu, waliodai kuamshwa upya, wakawataka ndugu wajitenge na madeni na mambo mengine ya dunia. Ushirika uliojengwa kwa upatanisho ukapasuka kwa hukumu.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1994. Rwanda, nchi ambayo uamsho ulizaliwa, ilishuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ambamo mamia ya maelfu ya watu waliuawa ndani ya siku 100. Wauaji wengi walikuwa Wakristo waliobatizwa, na watu walichinjwa hata makanisani walikokimbilia. Ni kweli kwamba Waanglikana walikuwa wachache nchini humo, na kwamba wapo watu wa uamsho waliokufa wakisimamia upatanisho, kama Israel Havugimana, Mhutu aliyeongoza huduma ya uinjilisti Kigali na kuuawa tarehe 7 Aprili. Hata hivyo haitoshi kusema hivyo. Kufikia wakati ule viongozi wa makanisa walikuwa wamekaa karibu mno na serikali. Ungamo lilikuwa limezoea kugusa pombe, wizi na uzinzi, ilhali chuki ya kikabila na ukimya mbele ya wenye mamlaka viliachwa kando. Lugha ya wokovu ilibaki midomoni baada ya kipimo chake kulegezwa.

Njia ya kutoka katika aibu hiyo ilitafutwa kwa desturi ile ile ya Gahini. Desemba 1996 Wakristo Wahutu, Watutsi na Wazungu walikutana Detmold, Ujerumani, na kila kundi likaungama makosa ya watu wake na kuomba radhi kwa makundi mengine. Wapo waliowapinga, wakisema asiyeua hana cha kuungama. Walijibu kwamba mtu hubeba pia mzigo wa watu wake.

Urithi

Waanzilishi wamekwisha kuondoka: Nagenda mwaka 1973, Nsibambi mwaka 1978, Kivengere na Kibira mwaka 1988, Church mwaka 1989. Mikutano ya ushirika inaendelea katika parokia nyingi za Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, mara nyingi ikiwa mikononi mwa wazee. Vijana wengi wamevutwa na makanisa ya kipentekoste, ambako neno kuokoka linasikika kila siku na mahubiri ya baraka na mafanikio yana nafasi kubwa.

Walokole waliacha kitu ambacho Kanisa la Afrika Mashariki haliwezi kumudu kukipoteza. Walionyesha kwamba Mwafrika na mzungu, bwana na mtumishi, mume na mke wanaweza kusimama sawa mbele ya msalaba, na walionyesha hivyo miaka 30 kabla ya bendera za uhuru kupanda. Walionyesha pia, kwa kushindwa kwao, kwamba uamsho wa mababu hauokoi wajukuu, na kwamba dhambi ambayo jamii imekubaliana kutoitaja ndiyo inayoirudia kwa kishindo. Kwa hiyo kila anayesema leo kwamba amezaliwa mara ya pili ana deni la kujibu maswali yale yale aliyoulizwa mhudumu wa hospitali, mwalimu na mchungaji wa miaka ile: amerudisha nini, amemwomba nani msamaha, na ni chuki gani ya watu wake ambayo bado hajaiungama.